Sumu tunayojitengenezea wenyewe

Seli zetu hutengeneza kemikali kali za oksijeni kwa makusudi. Zikikosekana, mtoto huandamwa na majipu na nimonia. Zikizidi, mishipa ya damu huharibika. Vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kuziondoa vinasimama wapi katika habari hii?

Mafua yakifika siku ya tano na kohozi likageuka kijani, karibu kila utakayemweleza, awe mama mkwe au muuza duka la dawa, atakuambia sasa ni wakati wa antibayotiki. Wengi tumezoea kuiona rangi hiyo kuwa ni ya bakteria. Kumbe rangi ni yetu wenyewe, sawa na ile ya usaha unaotoka kwenye jipu lililoiva. Inatokana na kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidasi, kilichosheheni ndani ya neutrofili, yaani zile seli nyeupe za damu zinazowahi kufika mahali palipoingiliwa na vijidudu. Kimeng'enya hicho kimebeba madini ya chuma kwa namna inayokipa rangi ya kijani, na ukiikausha neutrofili, kinaweza kufikia asilimia 5 ya uzito wake. Seli hizo zikifia vitani, rangi yake hubaki kwenye kohozi. Mafua ya virusi nayo huleta kohozi hilohilo, na antibayotiki haina la kufanya kwa virusi.

Kazi ya mieloperoksidasi ni kuchukua haidrojeni peroksidi na kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mwilini, na kutengeneza asidi ya haipoklorasi. Ndugu wa asidi hiyo ndiye aliyemo kwenye chupa ya Jik inayotakatisha mashuka, jiko na bafu. Kwa maneno mengine, kila mara unapopata jipu, ndani ya seli zako kunapikwa dawa ya madoa na bakteria humwagiwa humo humo.

Haidrojeni peroksidi hiyo inatoka wapi? Wanasayansi walihitaji karibu miaka arobaini kupata jibu, na hadi leo jibu hilo linawasumbua wenye viwanda vya dawa.

Pumzi ya ziada

Mwaka 1933 Wamarekani wawili, C. W. Baldridge na R. W. Gerard, walichanganya seli nyeupe za damu ya mbwa na bakteria, kisha wakapima oksijeni iliyokuwa ikitumika. Seli zilipoanza kuwameza bakteria, matumizi ya oksijeni yalipanda ghafla. Wakaona ni jambo la kawaida, kwani anayefanya kazi nzito lazima aheme.

Maelezo hayo yalikaa zaidi ya miaka ishirini bila kupingwa. Mwaka 1959 Anthony Sbarra na Manfred Karnovsky walionyesha kuwa nguvu ya kumeza bakteria hutoka kwenye sukari inayovunjwa bila oksijeni. Tena sianidi, sumu inayozima matumizi ya oksijeni kwenye mitokondria, haikuizima pumzi hiyo ya ziada. Oksijeni ilikuwa inavutwa, ila haikuwa inakwenda kuzalisha nguvu. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba seli hizo hutoa haidrojeni peroksidi.

Kipande kilichokosekana kilitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta jambo jingine. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke, Joe McCord na Irwin Fridovich walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima supaoksidi. Supaoksidi ni oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada, na kwa sababu ya elektroni hiyo haitulii, hutafuta cha kugusana nacho. Kama mwili una kimeng'enya maalumu cha kuizima, basi bila shaka mwili huitengeneza. Mwaka 1973 Bernard Babior na wenzake walithibitisha kuwa seli nyeupe huitoa supaoksidi kwa wingi, na haraka hubadilika kuwa haidrojeni peroksidi. Jamii nzima ya kemikali hizi ndiyo inayoitwa oksijeni tendaji, na baadhi yake ni zile radikali huru zinazotajwa sana kwenye matangazo ya virutubisho.

Mtengenezaji wake mkuu ndani ya neutrofili ni kimeng'enya kinachojulikana leo kama NOX2. Hunyang'anya elektroni kutoka kwenye molekuli iitwayo NADPH upande wa ndani, huzipitisha kwenye utando wa seli, na kuzipachika kwenye oksijeni upande wa pili, kwenye kifuko kilichombana bakteria. Muundo wake wenyewe ni wa tahadhari. Seli ikiwa imetulia, NOX2 haiko kamili: sehemu mbili zimekaa kwenye utando, nyingine zinaelea mbali kwenye uteute wa seli, kama bunduki ya mlinzi ambayo risasi zake zimefungiwa chumba kingine. Bakteria akishamezwa, sehemu hizo hukusanyika, huungana, na kazi huanza papo hapo.

Watoto wa Minnesota

Umuhimu wa mpangilio huu ulijulikana kwa sababu kuna watoto waliozaliwa bila huo.

Katika miaka ya 1950 madaktari walikuwa wametoka kugundua kuwa baadhi ya watoto wanaougua ovyo hawana kingamwili. Lakini huko Minnesota, Heinz Berendes, Robert Bridges na Robert Good walikutana na wavulana waliokwenda kinyume na maelezo hayo. Walikuwa na majipu, tezi zilizovimba na kutumbuka, nimonia zisizokoma, maini yenye usaha. Lakini kingamwili zao zilikuwa nyingi kupita kawaida, na seli nyeupe zilikuwepo tele. Katika ripoti yao ya mwaka 1957 waliuita ugonjwa wa utotoni unaoua. Leo huitwa ugonjwa sugu wa vinundu, kwa kifupi CGD, kwa sababu seli za kinga hurundikana na kufanya vinundu kwenye mapafu, ini na utumbo.

Mwaka 1966 kundi la Good lilipima seli za watoto hao na kukuta jambo la kushangaza: zilikuwa zinawafuata bakteria na kuwameza vizuri tu, ila baada ya kuwameza hazikuwaua. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba ile pumzi ya ziada haikuwepo. Bakteria walikaa ndani ya seli iliyowameza wakiwa hai, wamejificha hata antibayotiki zisiwafikie kirahisi.

Mwaka 1986 timu iliyoongozwa na Stuart Orkin huko Boston ilitangaza kuipata jeni yenye hitilafu, nayo imo kwenye kromosomu X. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jeni ya ugonjwa wa binadamu kupatikana kwa kufuatilia mahali ilipo kwenye kromosomu, bila kuijua kwanza protini yake. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa ni wavulana: wana kromosomu X moja tu, na kama ni mbovu hawana ya akiba. Aina nyingine hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, nazo huonekana zaidi katika jamii za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini ambako ndoa za binamu ni nyingi. Kwa ujumla CGD hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 200,000 wanaozaliwa.

Kipimo cha kwanza cha uhakika, kilichoelezwa mwaka 1968 na Robert Baehner na David Nathan, bado ni somo zuri kwa macho. Damu mbichi kidogo huwekwa kwenye kioo, neutrofili hushika kioo, kisha huongezwa kemikali ya kuamsha seli pamoja na rangi ya manjano iitwayo NBT. Seli nzima ikitoa supaoksidi, ile rangi ya manjano hugandia ndani yake ikawa chembechembe za buluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Kwa mtoto mwenye CGD, unasogeza kioo kushoto na kulia chini ya hadubini na kila seli ni nyeupe. Ukiweka damu ya mama yake aliyebeba jeni hiyo, utakuta seli za buluu na seli nyeupe zimechanganyika kwenye kioo kimoja, kwa sababu kila seli ya mwanamke hutumia kromosomu X moja na kuizima ya pili. Maabara kubwa siku hizi hutumia mashine inayosoma mwanga wa seli moja moja, lakini hadubini na chupa ya NBT bado vinatoa jibu.

Kwetu Afrika Mashariki, mtoto mwenye nimonia za kujirudia, homa na tezi zilizovimba huchunguzwa kwanza kifua kikuu na VVU, na ndivyo inavyopasa, maana hayo ndiyo magonjwa yaliyozagaa. Tatizo ni pale majibu yote yanaporudi safi, au dawa za kifua kikuu zinapomalizika na mtoto hajapona. Dalili mojawapo ambayo wataalamu wa kinga wanaifahamu ni chanjo ya BCG. Kwa watoto karibu wote chanjo hii ni salama na inawakinga, wala mzazi asiikwepe. Kwa mtoto mwenye CGD, ambaye hawezi kuwaua hata bakteria waliodhoofishwa, tezi za kwapa upande uliochanjwa zinaweza kuvimba na kutoa usaha kwa miezi. Tezi za namna hiyo, pamoja na jipu la ini au nimonia ya fangasi kwa mtoto asiye na VVU, zinatosha kumfanya daktari aombe kipimo cha neutrofili.

Mtoto akitambuliwa mapema, dawa ya kwanza ya kumkinga si geni wala ghali: ni Septrin ya kila siku, ileile iliyozoeleka kwenye kliniki za VVU, pamoja na dawa ya fangasi. Ugonjwa uliotangazwa kuwa unaua utotoni sasa una watu wazima wenye familia zao. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliochunguza wagonjwa 287 walionyesha kuwa waliobakiwa na uwezo mdogo tu wa kutengeneza supaoksidi waliishi muda mrefu zaidi ya wale wasio nao kabisa. Hapo ndipo tunapoona thamani ya hii inayoitwa sumu: hata matone yake yanarefusha maisha.

Ukoo wa watu saba

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa utengenezaji wa makusudi wa supaoksidi ni kazi ya seli za kinga peke yake, na kwamba kwingineko oksijeni tendaji ni moshi tu unaovuja kutoka mitokondria. Mwaka 1999 kundi la David Lambeth wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, likatangaza kimeng'enya ndugu wa NOX2 kwenye utumbo mpana. Haukupita muda ukoo ukatimia saba: NOX1 hadi NOX5, pamoja na DUOX1 na DUOX2.

Kila mmoja ana makao yake. NOX4 iko kwa wingi kwenye figo. NOX3 iko sikio la ndani, na bila hiyo panya hawaundi vile vichembe vya chokaa vinavyoutambulisha mwili juu na chini; hutembea vichwa vimeinama upande. DUOX2 iko kwenye tezi ya thairoidi, pale shingoni chini ya koromeo. Wakazi wa nyanda za juu za Tanzania wanajua rovu ni nini na kwa nini serikali ilisisitiza chumvi yenye madini joto. Lakini madini joto yakifika kwenye tezi hayafungwi kwenye homoni yenyewe kwa yenyewe; yanahitaji haidrojeni peroksidi, na DUOX2 ndiyo inayoitengeneza. Mwaka 2002 ilithibitishwa kuwa watoto wenye jeni mbovu za DUOX2 huzaliwa na upungufu wa homoni hiyo, ambao usipotibiwa mapema hudumaza akili na mwili.

Kuna jingine lililowashangaza wengi. Oksijeni tendaji imetangazwa kuwa mama wa uvimbe na maumivu ya viungo, hivyo ungetarajia kiumbe asiye nayo ya kutosha awe salama na baridi yabisi. Mwaka 2003 Rikard Holmdahl na wenzake huko Sweden waliripoti kinyume: panya wenye jeni inayopunguza utengenezaji wake walipata ugonjwa mkali zaidi wa viungo. Wagonjwa wa CGD nao, mbali na maambukizi, wengi hupata uvimbe wa utumbo hata pasipo kijidudu chochote. Inaelekea kemikali hizihizi zinazoanzisha mapigano ndizo pia zinazotoa amri ya kusitisha.

Zinapozidi

Yote hayo hayaisafishi oksijeni tendaji. Mwaka 1994, hukohuko Emory, Kathy Griendling na wenzake walionyesha kuwa angiotensini II, homoni inayobana mishipa ya damu, huamsha vimeng'enya vya ukoo huu kwenye misuli ya mishipa. Supaoksidi inayotoka hugongana na nitriki oksidi, gesi ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa, na kuiangamiza. Mishipa hukakamaa, presha hupanda, na ukuta wa ndani huanza kukusanya mafuta. Ukiwa na mgonjwa wa presha nyumbani anayemeza enalapril au losartan, dawa hizo huzuia angiotensini. Sehemu ya faida yake inadhaniwa kutokana na kuvituliza vimeng'enya hivi kwenye chanzo. Katika kisukari, sukari iliyozidi huviamsha kwenye figo na retina, na huko nako uharibifu hufuata.

Hapa ndipo wauza virutubisho walipojipatia mlango. Nadharia ya Denham Harman ya mwaka 1956, kwamba uzee ni mrundikano wa madhara ya radikali huru, ilionekana kuleta jibu jepesi: meza vinavyozizima, yaani antioksidanti. Jibu hilo likapimwa kwa watu halisi. Finland ilichukua wanaume wavutaji sigara 29,133. Mwaka 1994 matokeo yakaonyesha kuwa waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Jaribio jingine la Marekani lilisitishwa mapema mwaka 1996 baada ya ongezeko la asilimia 28. Kwenye jaribio la wanaume zaidi ya 35,000 huko Amerika Kaskazini, taarifa ya mwaka 2011 ilisema waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Na mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwapa vijana mazoezi kwa majuma manne: waliomeza vitamini C na E kwa vipimo vikubwa waliikosa faida ambayo wenzao waliipata, yaani mwili kuitikia insulini vizuri zaidi. Misuli ilihitaji ile oksijeni tendaji kidogo ya mazoezi ili ijue kwamba imefanyishwa kazi.

Matunda na mboga havihusiki na lawama hii. Chungwa lina vitamini C ya kiasi, pamoja na nyuzinyuzi na mengine mengi, wala halijidai kuzima chochote mwili mzima. Kasoro ni ya kidonge kinachotawanyika kila mahali, kikakuta supaoksidi imekwisha gusana na nitriki oksidi kitambo, kwa kuwa kemikali hizo mbili hukutana kwa kasi ambayo vitamini haiwezi kuifukuzia.

Kufunga bomba au kudeki sakafu

Watafiti wengi sasa wanaona ni afadhali kukizuia kimeng'enya chenyewe kuliko kukimbizana na kile kilichokwisha kumwagika. Lakini hata njia hiyo ina mitego. Wenye jongo wanaijua allopurinol, dawa iliyotokana na maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, washindi wa Nobel ya mwaka 1988. Huzuia kimeng'enya cha zanthini oksidasi kisitengeneze asidi ya yuriki, na kimeng'enya hichohicho hutoa supaoksidi. Ikatarajiwa kuwa italinda na moyo. Jaribio kubwa la Uingereza lililotolewa mwaka 2022, kwa wagonjwa wa moyo wasio na jongo, halikuona faida. Kwa jongo imebaki kuwa dawa nzuri. Kwa moyo imeshindwa.

Dawa zilizolengwa kwa ukoo wa NOX nazo zinakwenda kwa kusuasua. Setanaxib, iliyobuniwa kuzuia NOX1 na NOX4, haikuweza kupunguza protini kwenye mkojo wa wenye kisukari kama ilivyotarajiwa, na imeendelea kujaribiwa kwa magonjwa mengine, yakiwemo ya ini. Ugumu unaeleweka. Ukoo huu unafanana sura, na dawa inayokosea ndugu mmoja ikamzima NOX2 itampa mgonjwa wa presha ugonjwa wa wale watoto wa Minnesota.

Matokeo ya kutia moyo zaidi yamekuja kutoka upande wa pili, wa kurudisha kilichokosekana. Mwaka 2020 timu ya Marekani na Uingereza iliripoti wagonjwa tisa wa CGD waliotiwa jeni nzima kwenye seli za uboho wao. Wawili walifariki mapema kwa sababu ya maradhi waliyokuwa nayo tangu kabla ya tiba. Kati ya saba waliobaki, sita walikuwa, mwaka mmoja baadaye, na asilimia 16 hadi 46 ya neutrofili zinazofanya kazi, na waliweza kuacha dawa za kujikinga. Hawakuhitaji asilimia mia. Gharama ya tiba hiyo iko mbali na hospitali zetu, lakini kipimo cha kumtambua mtoto anayehusika kiko karibu, na Septrin ipo.

Kwa msomaji ambaye hana CGD wala jongo, faida ya habari hii ni ya dukani. Utakapoonyeshwa kopo lenye ahadi ya kusafisha radikali huru mwilini, muulize muuzaji maswali matatu: linazuia kimeng'enya gani, kwenye kiungo kipi, na kwa kiasi gani? Watengenezaji dawa wenye maabara na mabilioni bado wanahangaika na maswali hayo. Yeye asipokuwa na jibu hata la moja, pesa yako inatosha kununua machungwa.